Kabla Herufi Haijaingia



Ndani ya matumbo yetu wanaishi bakteria waitwao Escherichia coli. Wakitunzwa vizuri maabara, mmoja hugawanyika kuwa wawili kwa dakika 20 hivi, na kila anapogawanyika ni lazima DNA yake inakiliwe yote, jozi za herufi zipatazo milioni 4.6.

Herufi zenyewe ni nne: A, T, G na C. Kabla ya kutumika huwa zinaelea ndani ya seli, na huko ndiko zinakoharibikia. Oksijeni ambayo seli huitumia kupata nguvu huacha mabaki makali, na herufi inayoumizwa zaidi nayo ni G. Ikishaumia hubadilika tabia: badala ya kukaa na C, mwenzake wa haki, huweza kujipachika mbele ya A. DNA ikinakiliwa tena, palipokuwa na jozi ya A na T huwa pana C na G, na vizazi vinalirithi kosa hilo.

Mwaka 1954, Henry Treffers na wenzake nchini Marekani walieleza habari za bakteria wa aina hii waliokuwa wakibadilika ovyo kupita kawaida. Walikuwa na kasoro katika jeni ambayo leo huitwa mutT. Jeni hiyo isipofanya kazi, makosa ya namna niliyoeleza huongezeka mara mia, hata maelfu. Ilipofika 1992, Hisaji Maki na Mutsuo Sekiguchi wa Japani walionyesha kazi yake. Herufi inayosubiri huwa imebeba fosfati tatu, na humo ndimo ilimo nguvu yake ya kujiunga na mnyororo. Protini ya MutT huitafuta ile G iliyoharibika na kuivua fosfati mbili. Herufi inabaki pale pale ndani ya seli, ila haiwezi tena kuingia. Zipo protini nyingine zinazorekebisha makosa yaliyokwisha kuingia, na ni rehema kwamba zipo. MutT hutangulia, kama mama anayechagua mchele kabla hajauinjika.

Mungu aliyemwekea kiumbe kisichoonekana kwa macho ulinzi wa namna hii hanipiti bila kunifundisha. Tumezoea kudhani kwamba kila kinachotuharibu kinaletwa na adui kutoka nje. Hapa madhara yanatoka katika pumzi yenyewe. Kiumbe hiki hakikukosa kwa kupumua. Vivyo hivyo usharika wenye uhai una watu wanaokutana, wanaopendana na kufuatiliana hali, na humo humo ndimo maneno juu ya wenzao yanamozaliwa. Hatutayakomesha kwa kuacha kukutana.

Neno ukishalisikia huwezi kujifanya hukulisikia. Lakini linaweza kunyimwa nguvu ya kuwa sehemu ya jinsi unavyomwona ndugu yako. Nadhani ndiyo maana Bwana, katika Mathayo 18, aliweka mpangilio: uende kwanza kwa ndugu yako mkiwa wawili tu, kisha pamoja na mashahidi, na kanisa lije mwishoni. Sisi tunaanza na kanisa. Mtu anahukumiwa kwenye simu za wanakwaya kabla mwenyewe hajaulizwa, halafu tunatumia miaka kumrudisha kundini. Wengine hawarudi kamwe, nami jambo hili linaniumiza.

Sisemi haya juu ya mtoto au mwanamke anayetendewa ukatili. Habari kama hizo ziletwe siku hiyo hiyo, kwetu na kwa vyombo vya sheria.

Kwa mengine yote, nawasihi wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya: mtu akiwaletea shauri la asiyekuwepo, muulizeni kwanza kama ameshazungumza naye. Kama bado, lisiandikwe popote. Arudi akazungumze naye, na akiogopa kwenda peke yake, aniambie, nitafuatana naye.