Aliyesikia la Mkuu

Wote tumefundishwa: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwaka jana, Jumapili moja asubuhi, nilimwona mtoto wa miaka 12 akisikia la mkuu, akalitii neno kwa neno, akavunjika mkono. Mkuu mwenyewe nilikuwa mimi.

Ukitoka Kariakoo, ukapita Fire na kushuka na Barabara ya Morogoro kuelekea Jangwani, ardhi inainama. Kwa sisi wa mjini, ambako karibu kila kitu ni tambarare kama sinia, huo ndio mlima wetu. Pembeni kabisa, mbali na mabasi ya mwendokasi, watoto wa mitaa ya jirani walikuwa wamejitengenezea njia ya mashindano. Kifusi kilichomwagwa na lori kimekuwa vilima viwili vya kurukia, tairi bovu ndiyo alama ya kona, mstari wa kumalizia umechorwa kwa kisigino. Baiskeli zao ni BMX, zile ndogo za tairi za inchi 20 ambazo wengi wetu tulijifunzia kwa kukodi dakika. Nyingi ni mtumba uliopita bandarini ndani ya kontena, fremu bado zina vibandiko vya Kijapani.

Hapo mtu uko kati ya Msimbazi na Jangwani, yaani kati ya Simba na Yanga. Ni eneo ambalo kila mwanamume mwenye kikombe cha kahawa mkononi ni kocha. Nami nikawa kocha.

Sikuwa naropoka, lakini. Nilikuwa nimetazama video nyingi sana za mchezo huu tangu ulipoingia Olimpiki, Beijing 2008, na baadhi ya mambo niliyoyaona huko yalifanya kazi hapa hapa kwenye kifusi. Mfano, watoto walikuwa wanapenda kuruka juu, maana juu ndiko kwenye makofi. Nikawaambia hewani hakuna pedeli. Anayepaa anafurahisha watazamaji huku mwenzake aliyekaa chini anaondoka. Ukipanda kilima, kunja magoti na mikono umeze kile kilima. Ukianza kushuka, nyoosha, isukume baiskeli chini, nayo itakusukuma mbele bila hata kupiga pedeli. Walijaribu, wakacheka, wakaanguka kidogo, wakaweza. Baada ya wiki tatu neno langu likawa sheria pale. Nakiri nilipenda.

Halafu ikaja ile kona.

Huyu dogo alikuwa mwepesi kuliko wote kwenye vilima, ila akifika kwenye tairi bovu anafinya breki katikati ya kona na wenzake wanampita. Nikamfundisha vitabu vinavyosema. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Ukishainama, achia breki. Pedeli ya nje iwe chini, uzito wote uweke hapo, macho yatazame unakotaka kutokea. Ukifinya breki ya nyuma huku umelala kwenye mchanga, tairi linateleza na wewe unaenda nalo. Yote hayo ni kweli, hata leo nitayarudia. Akanisikiliza, akaenda, akafinya tena. Nikapiga kelele kutoka kwenye kivuli nilikokuwa nimesimama: "Achia breki! Acha woga!"

Akaachia.

Sitaeleza sauti niliyoisikia. Akapelekwa hospitali, akafungwa hogo, wiki sita. Jioni nilikwenda kwa mama yake, anapika chakula upande wa Gerezani. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anakoroga maharage, kisha akasema, "Kaka yangu, huyu mtoto nyumbani hata nikimtuma chumvi hanisikii. Angekukaidi na wewe kama anavyonikaidi mimi, saa hizi angekuwa mzima."

Tangu siku hiyo nina swali moja linalonikera kama kijiwe kwenye kiatu. Ni lini mtu ana haki ya kumwambia mwenzake "acha woga", wakati yeye mwenyewe hataanguka?

Jibu la haraka ni kwamba ujasiri haufundishwi kwa maneno, unafundishwa kwa kutenda. Aristotle alilisema hili zamani: tunakuwa majasiri kwa kufanya mambo ya kijasiri. Vizuri. Lakini huyo huyo alisema pia kwamba ujasiri uko kati ya woga na kutojali hatari, na kwamba hiyo "kati" haiko mahali pamoja kwa watu wote. Akatoa mfano wa chakula: kiasi ambacho ni kidogo kwa Milo, yule mwanamieleka maarufu, ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi. Nikisoma pale naona aibu. Mimi nilipakua sahani ya Milo nikamwekea mtoto wa darasa la sita, halafu nikamlaumu kwa kutomaliza.

Wahenga nao wana lao: mtoto akililia wembe, mpe. Rafiki zangu wawili watatu walinifariji kwa methali hiyo, eti ndiyo atajifunza. Lakini huyu hakulilia wembe! Yeye alikuwa anafinya breki. Wembe niliuleta mimi, nikamfungua vidole nikamshikisha. Methali inamzungumzia mtoto anayeng'ang'ania hatari, haimzungumzii mtu mzima anayeng'ang'ania hatari kwa niaba ya mtoto.

Wala sidai kwamba angekuwa na kocha halisi asingeanguka. Connor Fields wa Marekani alikuwa bingwa wa Olimpiki wa BMX, Rio 2016, mwenye kila msaada ambao mwendeshaji anaweza kuutamani, na kwenye nusu fainali za michezo ya Tokyo mwaka 2021 alianguka vibaya hadi damu ikavuja kwenye ubongo. Alipona, namshukuru Mungu. Kuanguka kumo ndani ya mchezo wenyewe, na anayetaka baiskeli isiyoangusha anunue mkokoteni (ingawa nao, waulize wanaousukuma Mtaa wa Kongo). Kinachonisumbua ni nani alipima hatari. Fields aliipima mwenyewe, ni mtu mzima. Mtoto huyu nilimpimia mimi, nikiwa kivulini.

Namfikiria David Kinjah wa Kenya, yule wa Kikuyu nje kidogo ya Nairobi, aliyemlea kwenye baiskeli Chris Froome kabla hajashinda Tour de France mara nne. Kinjah alikuwa mwendeshaji wa mashindano mwenyewe, na vijana wake waliendesha nyuma yake, barabara ile ile, vumbi lile lile. Mtu wa namna hiyo akikwambia achia breki, amri yake imeshapita chini ya tairi lake kwanza. Yangu ilikuwa imepita kwenye simu.

Je, ningenyamaza? Hapana, hilo nalo silikubali. Angeendelea kufinya breki ndani ya kona, na siku moja ingemwangusha vilevile, tena labda barabarani kwenye magari. Kunyamaza ni ushauri pia, ila hauachi alama za vidole.

Jumapili iliyofuata nilikwenda pale mapema, kabla ya watoto, nikatembea ile kona kwa miguu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Kabla tu ya tairi bovu, mvua ilikuwa imeleta kokoto, ndogondogo kama punje za mahindi, zimetandazwa upana wa hatua mbili, pale pale anapotakiwa kulala na baiskeli. Kutoka kwenye kivuli changu huzioni. Nilizifagia kwa mguu mpaka ndala ikakatika.

Hogo lilipotolewa alirudi, mkono umekuwa mwembamba, hajaruhusiwa kuendesha bado. Akakaa karibu yangu kwenye tofali tukawatazama wenzake. Nikamwambia, "Samahani mdogo wangu. Kulikuwa na kokoto pale, sikuziona."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa.

"Mimi nilikuwa naziona, anko. Ndiyo maana nilikuwa nafinya. Uliposema niachie nikajua na wewe umeziona."