Adabu kwa mkubwa si kumficha ukweli

Mwalimu wa elimu ya watu wazima afanyeje pale mzee wa umri wa baba yake anaposema darasani kuwa malaria huletwa na mvua? Wapo wanaoona kunyamaza ndiyo adabu. Mimi siafiki.

Anayenyamaza anajistahi mwenyewe tu. Mzee anarudi nyumbani na kosa lile lile, na wajukuu wanalala bila chandarua. Na jambo lenyewe si la kubahatisha: mwaka 1897 Ronald Ross alikiona kimelea cha malaria tumboni mwa mbu.

Lakini kumkatiza mzee mbele za watu nako ni dhulma, maana hakusema uongo. Homa kweli huzidi mvua zinaponyesha. Asichokiona ni mbu anayezaliana madimbwini. Mwalimu aanzie hapo. Katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya 1973, Watanzania wapatao milioni mbili hawakuhutubiwa tu. Walisikiliza redio kwa vikundi, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo.

Heshima ya mkubwa imo katika namna ya kumwambia. Kumnyima elimu si heshima.