Macho Chini: Adabu au Hatia?

Binadamu husema kwa ulimi, na husema kwa mwili pia. Maneno ya ulimi yametungiwa kamusi na sarufi, na mtu asiyejua lugha ya mwenzake hujijua kuwa hajui. Maneno ya mwili hayakupata bahati hiyo. Kila mtu hudhani kuwa anayaelewa, kwa kuwa kila mtu ana macho, mikono na kichwa. Katika dhana hiyo huzaliwa makosa mengi.

Mbulgaria hutikisa kichwa huku na huku anapokubali jambo. Mgeni aliyemwuliza kama chakula kipo aweza kuondoka na njaa, na chungu kimejaa. Kosa hili ni jepesi. Aliyelitenda atacheka mwenyewe akielezwa. Lakini yako makosa ya jinsi hii yasiyochekesha hata kidogo, na moja ni la macho.

Katika Afrika ya Mashariki watoto wengi hulelewa wasimkazie macho mkubwa anaposema nao. Husemwa kuwa macho hayana pazia. Adabu ndiyo iliyowekwa iwe pazia lake. Asiyelishusha huambiwa ana macho makavu. Huko Uingereza mafunzo ni kinyume: mtoto anayesemeshwa hutakiwa atazame, na atazamaye chini hushukiwa kuwa anaficha neno.

Na tulipeleke jambo hili mahakamani. Chini ya utawala wa Waingereza, uliokoma Tanganyika mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963, maofisa wa wilaya walikuwa mahakimu pia. Hakimu alipima maneno ya shahidi pamoja na hali yake alipokuwa akiyasema. Na sheria za mashtaka ya jinai za Kenya na Tanzania zimeendelea kumtaka aandike lolote la maana aliloliona katika hali hiyo. Kwa ajili ya ulimi aliwekwa mkalimani. Kwa ajili ya macho hakuwekwa mtu. Aliyeinama kwa heshima aliweza kusomwa kuwa ameinama kwa hatia, asijue kamwe kuwa malezi ya mama yake ndiyo yaliyomshuhudia vibaya.

Yuko atakayesema kuwa ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Methali hii ni ya kweli, lakini yafaa tuulize: ni nani aliyekwenda kwa mwenziwe? Katika baraza lile mgeni alikuwa hakimu, na mwenyeji ndiye aliyesimama kizimbani. Nguvu za utawala zilimfanya mgeni kuwa kipimo cha adabu ya mwenyeji. Kwa hiyo ugeni peke yake hautoshi kuamua nani ajifunze. Naona mimi kuwa wajibu huo ni kwanza juu ya yule ambaye kosa lake litamwumiza mwingine. Mnunuzi na mchuuzi wasipoelewana kwa ishara, hasara ni ya wote wawili. Na wajifunze wote wawili. Hakimu akikosea, yeye hurudi nyumbani kwake, na mwingine huenda kifungoni.

Wala tusidhani kuwa kosa hili liliondoka pamoja na bendera. Mwaka 2006 ulitolewa uchunguzi uliokusanya majibu ya watu wa nchi 58, na imani iliyoonekana kuenea kuliko zote juu ya mwongo ni kwamba hukwepesha macho. Mwaka huo huo wataalamu Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha matokeo ya majaribio mengi, wakaona kuwa watu hupambanua kweli na uongo kwa usahihi mara 54 tu katika 100. Mwenye kurusha sarafu angepata 50. Basi hakimu, mwalimu au daktari wetu wenyewe, aliyesoma mjini na kuketi mbele ya mtu wa shamba, aweza kukosea kama alivyokosea Mwingereza, tena kwa uhakika zaidi, maana yeye hadhani kuwa ni mgeni.

Dawa yake si ngumu. Alionalo jicho ni jambo moja, na sababu yake ni jambo la pili. Mwenye kuhukumu akiona macho yameinama, aandike kuwa yameinama. Kabla ya kuandika kwa nini, aulize.