Mwenye Nyumba ya Ibada ni Nani?

Mimi nilisomea biashara, na huko tulifundishwa kwamba mali isiyozalisha iuzwe. Jengo limekaa bure miaka na miaka, unangoja nini? Hebu tupeleke hesabu hiyo Newport, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Rhode Island, Marekani.

Wayahudi walikuwa huko tangu karne ya 17. Mwaka 1677 walinunua kiwanja cha makaburi. Sinagogi lao lilifunguliwa Desemba 1763, na leo ndilo jengo la sinagogi kongwe kuliko yote yaliyosimama Marekani. Kisha vita vya uhuru vikaja, biashara ya bandari ikaanguka, waumini wakatawanyika. George Washington aliwatembelea mwaka 1790 na kuwaandikia kwamba serikali haitaunga mkono ubaguzi wa dini. Barua nzuri sana, lakini barua hailishi familia. Kufikia miaka ya 1820 hakubaki Myahudi wa kufungua mlango.

Hapo ndipo hesabu zangu zinakwama. Mwaka 1822 Abraham Touro, ambaye baba yake aliongoza ibada mle ndani, alifariki akaacha dola 10,000 za kulitunza sinagogi. Amtunzie nani? Hakuna mtu! Ndugu yake Judah, tajiri wa New Orleans, naye akaacha pesa alipofariki mwaka 1854. Kisha miaka ya 1880 wakafika wahamiaji Wayahudi kutoka Ulaya Mashariki, na ati wakakuta nyumba ya kuabudia imesimama inawangoja.

Hati ilikuwa mikononi mwa usharika wa Shearith Israel wa New York, kwa hiyo wageni wakawa wapangaji. Mwaka 1903 walikubaliana kodi ya dola 1 kwa mwaka. Mambo yakachacha mwaka 2012, wakati watu wa Newport, wakitafuta pesa za kuendeleza usharika, walipotaka kuliuzia jumba la makumbusho la Boston mapambo ya fedha ya gombo la Torati, yale yenye kengele ndogo, kwa zaidi ya dola milioni 7. New York wakakataa. Mwaka 2016 Newport wakashinda kortini. Mwaka 2017 rufaa ikawapa New York kila kitu, jengo na mapambo, wawe wamiliki kamili.

Mwanzoni nilikuwa upande wa Newport. Si wao ndio wanaoamka kwenda kuomba mle? Lakini Touro hakuwaachia pesa watu aliowajua. Ukishaingia katika nyumba iliyotunzwa hivyo, unapata wapi ruhusa ya kuuza kengele, na wewe pia kuna watu hujawajua watakaokuja nyuma yako? Lakini New York nao hawanipi raha. Walikabidhiwa watunze, na kortini wakasimama wakasema ni yetu. Korti ikakubali. Mimi bado sijakubali.