Jina Moja, Watu Wawili

Mwinjili Luka asimulia ya kwamba Elizabeti alipokwisha kuzaa mtoto mwanamume, majirani na jamaa walikusanyika siku ya nane, nao walitaka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake. Mama akakataa, akasema ataitwa Yohana. Watu wakastaajabu, kwa maana katika ukoo wao hapakuwa na mwenye jina hilo. Wakamwuliza baba kwa ishara, kwani alikuwa bubu. Zakaria akaomba kibao, akaandika ya kwamba jina la mtoto ni Yohana. Na mara ulimi wake ukafunguka, akamsifu Mungu.

Basi, shauri la jina la mtoto si jambo jipya. Hata leo, mtoto anapozaliwa kijijini, wazee wa upande wa baba hutaka jina lao, na wa upande wa mama hutaka lao. Mara nyingi jina lile lina mwenyewe tayari katika nyumba: babu, shangazi, ndugu mkubwa, au mtoto aliyekufa. Ndipo wakatekumeni huuliza kama ni vema mtoto kupewa jina la ndugu yake.

Kwanza ijulikane ya kwamba watu wawili kuitwa jina moja si dhambi. Kati ya Mitume kumi na wawili walikuwamo Yakobo wawili, Simoni wawili na Yuda wawili. Yuda mmoja alimsaliti Bwana; Yuda mwingine, aitwaye Tadeo, ni mtakatifu. Jina lilikuwa moja, mioyo haikuwa mmoja. Kwa Waluba wa Katanga nako, mapacha huitwa Kyungu na Kabange. Mapacha wakizaliwa mara mbili katika ukoo, majina hayo hurudi, wala hakuna anayeshangaa.

Mwenye heri Anuarite, bikira na mfiadini wa Kongo, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, akatangazwa mwenye heri mwaka 1985. Alipozaliwa aliitwa Nengapeta. Husimuliwa ya kwamba dada yake mkubwa alimpeleka shuleni, na jina la dada huyo, Anuarite, likaandikwa kwa kosa pamoja na lake. Leo Wakristu humwita kwa jina la dada yake. Lakini taji la ufiadini ni lake mwenyewe.

Hatari, basi, haimo katika jina, bali katika moyo wa anayelichagua. Uchukuliwe mfano wa nyumba iliyofiwa na mtoto aitwaye Yosefu. Mwaka unaofuata mama azaa mtoto mwingine mwanamume. Bibi ashangilia, asema: «Yosefu wetu amerudi! Apewe jina lake, asije akakasirika.» Katekista amjibu kwa heshima: «Mama, jina laweza kurudi nyumbani, lakini huyu si yule. Yule yu mikononi mwa Mungu. Huyu Mungu amemwumbia roho yake mpya, ambayo haikukaa katika mtu mwingine kamwe.»

Maneno hayo yana uzito. Mtoto anayedhaniwa kuwa marehemu aliyerudi hapati kuwa yeye mwenyewe. Akiugua, hawamtafutii dawa upesi, husema marehemu anadai kitu. Akikosa, hakuna anayethubutu kumrudi. Hivyo mtoto mchanga hutwishwa kaburi la ndugu yake. Wazazi wakitaka kumpa jina lile kwa mapendo na kwa ukumbusho, wampe bila hofu. Lakini wakilitoa kwa kuogopa mizimu, walikatae kwanza woga huo mbele ya Mungu.

Tena wazazi wafikiri mambo ya mbele. Watoto wawili wa baba mmoja wakiandikwa jina moja katika kitabu cha ubatizo, na mmoja akitaka kufunga ndoa baada ya miaka ishirini, Padri atatambuaje yupi ni yupi? Kwa hiyo yafaa kuongeza jina la pili. Na jina la ukoo si lazima litupwe. Sheria ya Eklezia ya mwaka 1917 iliagiza mtoto apewe jina la kikristu, na wazazi wakikataa, Padri aongeze jina la mtakatifu. Sheria ya mwaka 1983 yaagiza tu lisitolewe jina lisilopatana na moyo wa kikristu.

Mtu mwenye jina la mwenzake huitwa somo wake. Vivyo hivyo mtakatifu ni somo wa mbatizwa: humwombea kwa Mungu na kumwonyesha njia. Wazazi wachague somo ambaye wanajua maisha yake, ili mtoto akikua wamsimulie.

Akina Maria walikuwa wengi siku zile. Lakini asubuhi ya Pasaka Yezu alipolitamka jina hilo karibu na kaburi, Maria Magdalena alijua kwamba ni yeye anayeitwa, akamtambua Bwana wake.

MAULIZO

Je, ndugu wawili waweza kuitwa jina moja?
Waweza, lakini yafaa kila mmoja awe na jina lingine la kumtambulisha.

Je, mwenye jina la marehemu ana roho ya marehemu?
Hapana. Kila mtu Mungu amemwumbia roho yake.

Kwa nini mbatizwa hupewa jina la mtakatifu?
Apate mwombezi mbinguni na mfano wa kufuata duniani.