Alama mbili kati ya nne

Mama jirani hapa Kakuma ana kesi ya Kanada. Tangu aitwe mahojiano ya kwanza, kila jioni anatuuliza: ukifika huko, unakuwa Mkanada lini? Siku ya kushuka ndege? Siku ya kupewa pasipoti? Ama siku unapoanza kulalamikia baridi kama wenyewe? Tunacheka, lakini swali lenyewe si la kuchekesha.

Wakanada wenyewe limewasumbua, tena kwenye muziki. Wamepakana na Marekani, wengi lugha ni ileile, basi redio zao zilijaa nyimbo za jirani. Mwaka 1971 ikaja amri: asilimia 30 ya muziki redioni uwe wa Kikanada. Sawa, lakini wimbo wa Kikanada ni upi? Wakaweka alama nne: aliyetunga muziki, anayeimba, mahali uliporekodiwa, aliyeandika maneno. Ukipata mbili, wewe ni wa nyumbani.

Mwaka 1991 Bryan Adams akatoa albamu. Amezaliwa Kanada, dunia nzima inajua ni wao. Lakini nyimbo alizitunga pamoja na Mutt Lange, ambaye si Mkanada (huyo, kwa taarifa yenu, alizaliwa Mufulira, Zambia, pale karibu kabisa na mpaka wa Kongo yetu), na kazi ya kurekodi haikufanyika yote Kanada. Akabaki na alama moja, ya kuimba. Yaani nyimbo zake zikahesabiwa za kigeni nchini kwake! Kelele zikapigwa, na baadaye kanuni ikalegezwa kwa wanaotunga pamoja na wageni.

Mimi siwalaumu waliojenga ua huo. Bila huo, vijana wao wengi wasingesikika. Ila ua unahesabu karatasi. Hauwezi kujua wimbo gani mama anauimba akiosha vyombo. K'naan alizaliwa Mogadishu, akakimbia vita akiwa mtoto, akakulia Toronto. Mwaka 2010, tetemeko lilipoipiga Haiti, wanamuziki wa Kanada walikusanyika kuchangisha pesa, na wimbo waliouchagua ulikuwa wake, ule wa bendera. Hapo hakuna aliyeuliza amezaliwa wapi.

Sasa nyie mnaofanya kazi kwenye mashirika, hebu mpimieni kijana wa mama jirani. Ana miaka 15. Amezaliwa hapa, anasoma hapa, Sheng yake inatushinda sisi wazazi, wimbo wa taifa la Kenya anaujua wote. Kwa hesabu ya Kikanada angekuwa amepita zamani. Lakini sheria hapa inaangalia mzazi, na mzazi ametoka Uvira.

Juzi alimwuliza mama yake: "Mama, huko wakiniuliza nimetoka wapi, niseme wapi?"

"Sema Kongo."

"Na wakiniuliza Kongo kukoje?"

Mama akainuka, akasema anaenda kuangalia maharage.