Kisogo Kilichobapa

Leo nina neno kwa mama aliyemwogesha mwanawe alfajiri hii, akapitisha kiganja kisogoni na kukuta upande mmoja umebapa.

Usijilaumu, mama. Fuvu la mtoto mchanga bado ni laini, na kumlaza chali ndiko kunakomlinda na kifo cha ghafla usingizini. Marekani ilipoanzisha kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, vifo hivyo vilipungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Visogo bapa vikaongezeka. Heri kisogo bapa kuliko msiba, kwa hiyo aendelee kulala chali.

Kazi ifanyike akiwa macho. Mlaze kifudifudi ukimtazama, dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Mbebe kwa mbeleko. Akipenda kutazama upande mmoja tu, msemeshe kutoka upande wa pili. Shingo ikiwa ngumu kugeuka, mpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Mito ya kutengeneza kichwa iache kabisa, inaweza kumziba pumzi. Na bibi, shikamoo, tunakuomba usikikande kichwa hicho kwa nguvu.

Zipo kofia ngumu za kurekebisha kichwa, tena ghali. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2014, kwa watoto wenye ubapa wa wastani hadi mkubwa, haukuona zikishinda kukiacha kichwa kikue chenyewe.

Ila ukigusa tuta gumu kwenye maungio ya fuvu, au utosi ukajifunga mapema, nenda kliniki leo hii.